Paneli ya kabati la gemu

Paneli ya kabati la gemu ni ubao au bamba lililo mbele ya mashine ya gemu ambalo hubeba kijiti cha kuongozea, vitufe na vidhibiti vingine anavyovishika mchezaji. Kabati lenyewe ni sanduku la kusimama lenye kioo, spika na kompyuta ndani yake. Makabati ya aina hii yalianza kama mashine za biashara katika kumbi za michezo za Marekani na Japani miaka ya 1970. Siku hizi watu wengi duniani hujitengenezea wenyewe nyumbani, wakitumia kompyuta ndogo au konsoli ya zamani.

Katika kabati zima, paneli ndiyo sehemu pekee ambayo mwili wa mchezaji hukutana nayo muda wote. Kioo hafifu mtu hukizoea. Paneli mbaya humchosha kifundo cha mkono ndani ya nusu saa, na kabati huishia kuwa meza ya kuwekea maua. Kosa linalojirudia zaidi kwa watengenezaji wapya ni kujaza paneli kila kidhibiti kinachopatikana ili icheze gemu zote zilizowahi kutungwa. Paneli kama hiyo huwa haichezi hata moja vizuri.

Kanuni za usanifu wake ni zilezile popote, lakini mazingira hubadilisha maamuzi ya fundi. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wachezaji wengi walijifunza gemu kwa kutumia pedi na si kijiti, na gemu yenye mashabiki wengi ni ya mpira wa miguu. Tena ni nchi ya vumbi na ya mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu, ambayo inapowashwa huyumbisha umeme wa jirani.

Historia

Computer Space, mashine ya kibiashara ya gemu za video iliyotoka mwaka 1971, ilikuwa na vitufe tu, bila kijiti. Pong ya kampuni ya Atari (1972) ilitumia vifundo vya kuzungusha. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila gemu ilikuja na paneli yake: Asteroids (1979) ilikuwa na vitufe vitano vya kuendeshea chombo, Pac-Man (1980) ilikuwa na kijiti kimoja katikati bila kitufe chochote cha kuchezea, Missile Command (1980) ilitumia mpira wa kuviringisha kwa kiganja, na Robotron: 2084 (1982) ilikuwa na vijiti viwili, kimoja cha kutembea na kingine cha kufyatulia risasi. Msanifu alijua gemu ni moja tu, hivyo paneli ilikaa sawasawa na mkono wa mchezaji wa gemu hiyo.

Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana juu ya kiunganishi kimoja cha nyaya, kilichojulikana kama JAMMA, chenye pini 56. Kuanzia hapo mwenye ukumbi aliweza kutoa bodi ya gemu moja na kuchomeka nyingine katika kabati lilelile. Paneli nazo zikaanza kufanana: kijiti upande wa kushoto, vitufe upande wa kulia. Street Fighter II (1991) ilidai vitufe sita kwa kila mchezaji, na mpangilio wa safu mbili za vitatu vitatu ukaenea duniani. Mwaka 1997 ilitoka programu ya MAME, inayoiwezesha kompyuta ya kawaida kuendesha gemu za mashine za zamani, na utengenezaji wa makabati nyumbani ukapata msingi wake.

Historia hiyo haikupitia Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka huohuo PlayStation ya kwanza iliingia sokoni Japani. Gemu ziliwafikia vijana wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro kupitia vibanda: chumba kimoja, televisheni, konsoli, pedi mbili, benchi, na malipo kwa mechi au kwa muda. Kizazi kizima kilizoea kuongoza kwa kidole gumba. Mashine ya kusimama yenye vitufe ambayo watu wa huko wanaifahamu ni nyingine kabisa, ile ya kamari ya sarafu inayoitwa dubwi mitaani, na jambo hilo lina athari zake kwa anayetengeneza kabati la nyumbani.

Vipimo vya mwili

Usanifu huanza na kiwiko. Mchezaji anasimama wima, anakunja mkono kama anayeshika sinia, na urefu kutoka sakafuni hadi kiwikoni hupimwa. Uso wa paneli huwekwa chini kidogo ya kipimo hicho, takriban upana wa kiganja. Kwa watu wazima wengi matokeo huangukia kati ya sm 90 na sm 100, na ndivyo yalivyokuwa makabati mengi ya kusimama ya Marekani. Makabati ya Kijapani ni mafupi zaidi kwa kuwa mchezaji wake hukaa kitini. Nyumba yenye watoto hufuata kipimo cha mtu mzima, kisha huongeza kigoda. Kumpandisha mtoto ni rahisi kuliko kumkunja baba yake.

Upana hutegemea mabega. Makabati mengi ya zamani yalikuwa na upana wa sm 60 hadi 65, na wachezaji wawili walibanana bega kwa bega. Anayejenga kwake hana sababu ya kurithi adha hiyo. Paneli ya sm 80 huwapa watu wawili nafasi ya kucheza bila kupigana viwiko, mradi mlango wa chumba upimwe kabla ya mbao kukatwa.

Kati ya ukingo wa mbele na safu ya kwanza ya vitufe panahitajika mahali pa kulaza kiganja, sm 8 hadi 10. Ukingo wenyewe huviringishwa kwa randa na msasa, kwa sababu pembe kali hukata mkono polepole bila mchezaji kutambua sababu ya maumivu. Mwinamo mdogo kuelekea kwa mchezaji husaidia. Ukizidi, mikono huteleza.

Vidole havijipangi katika mstari ulionyooka. Kidole cha kati ni kirefu kuliko cha shahada na cha pete, kwa hiyo safu ya vitufe inayofuata upinde wa vidole huchosha kidogo kuliko safu iliyopigwa rula. Umbali wa kawaida kutoka kitovu cha kitufe hadi kitovu cha jirani yake, kwa vitufe vya mm 30, ni mm 35 hadi 38. Waliochonga mbao za isolo, mchezo wa Wasukuma ulio jamaa ya bao, walilijua jambo hili bila rula: shimo hukatwa kwa kadiri ya vidole vinavyochota kete, na umbali wa mashimo kwa kadiri ya mkono unaopita juu yake.

Kabla ya kugusa ubao, mpangilio hujaribiwa kwa boksi. Kipande cha boksi gumu hukatwa kwa ukubwa wa paneli na kuwekwa mezani kwa urefu uliokusudiwa. Vizibo vya chupa za soda hufaa kuwakilisha vitufe, kwani kipenyo chake kinakaribia sm 3. Mtumiaji hufumba macho, huweka mkono pale unapoangukia wenyewe, na vizibo husogezwa hadi vikae chini ya ncha za vidole. Kisha mtu wa pili mwenye mkono mkubwa au mdogo hufanya vilevile. Wakitofautiana sana, hufuatwa mkono mdogo, maana mkono mkubwa hujikunja lakini mdogo haurefuki.

Kijiti

Vijiti vya mashine za gemu viko katika desturi mbili. Vile vya Kijapani, kama vinavyotengenezwa na Sanwa na Seimitsu, vina mpira juu na hushikwa kwa vidole. Springi yake ni laini. Vile vya Kimarekani, vinavyofuata mtindo wa kampuni ya Happ, vina kishikio chenye umbo la gongo la besiboli, hushikwa kwa kiganja kizima na hudai nguvu zaidi. Hakuna kilicho bora kwa wote. Aliyezoea pedi huvuka kwa urahisi zaidi kwenda kijiti laini, kwani mkono wake umezoea mwendo mfupi.

Ndani ya kijiti cha kawaida mna swichi ndogo nne, na ekseli ikielekea upande mmoja hubonyeza moja kati yake. Ikielekea pembeni hubonyeza mbili kwa pamoja, na hivyo hupatikana pande nane. Kibamba kilicho chini huweka mpaka wa mwendo. Kibamba cha mraba huwa na kona zinazopokea mielekeo ya mshazari, cha pembe nane huonyesha kila upande kwa mtikisiko mdogo. Gemu za zamani kama Pac-Man na Donkey Kong zilitungwa kwa kijiti cha pande nne tu. Zikichezwa kwa kijiti cha pande nane, mhusika hukwama kwenye kona kwa sababu mashine hupokea amri mbili kwa pamoja na kushindwa kuamua. Vijiti kadhaa huwa na kibamba kinachogeuzwa kutoka nane kwenda nne, na kwa anayependa gemu za miaka ya 1980 hicho ndicho kifaa chenye thamani zaidi ya mapambo yote.

Kwa nini kijiti hukaa kushoto, wakati watu wengi hutumia mkono wa kulia? Mashine za mwanzo hazikuwa na msimamo mmoja. Nyingine zilikiweka katikati, nyingine ziliweka vitufe pande zote mbili. Kushoto kulishinda, na pedi za nyumbani zikafuata. Mchezaji wa kibandani aliyeanza na pedi tayari anaongoza kwa mkono wa kushoto, hivyo hapa desturi mbili zinakutana bila ugomvi. Kwa mashoto, paneli ya nyumbani inaweza kugeuzwa, au kuwekewa vitufe pande zote mbili za kijiti.

Vitufe na gemu za mpira

Idadi ya vitufe huamuliwa na gemu. Gemu nyingi za kabla ya 1985 hazizidi vitatu. Tekken (1994) hutumia vinne, kila kimoja kwa mkono au mguu wa mpiganaji. Mortal Kombat (1992) hutumia vitano vilivyopangwa kama herufi X, na Street Fighter II sita.

Gemu za mpira wa miguu ndizo zinazoleta taabu, na katika Kanda ya Ziwa ndizo zinazoombwa kwanza. Kwenye pedi ya PlayStation kazi zimegawanywa: gumba la kushoto huongoza, gumba la kulia hupasi, hupiga krosi na hupiga shuti, kidole cha shahada cha kulia hushikilia kitufe cha kukimbia, cha kushoto hubadilisha mchezaji. Kwenye paneli, mkono wa kushoto wote umeshika kijiti. Kila kazi nyingine huhamia mkono wa kulia, na kitufe cha kukimbia hubonyezwa karibu muda wote wa mechi. Fundi anayepanga vitufe nane katika safu mbili na kukiweka cha kukimbia mwishoni kulia hukiweka chini ya kidole kidogo, kilicho dhaifu kuliko vyote. Baada ya kipindi kimoja mchezaji huacha kukimbia.

Suluhisho linalofanya kazi ni kukishusha kitufe hicho chini ya safu, mahali gumba la kulia linapopumzika, na kuviacha vitufe vinne vya mpira juu yake kwa umbo la almasi kama ulivyo kwenye pedi. Umbo hilo lina faida nyingine: mchezaji hahitaji kujifunza upya. Ikumbukwe pia kwamba katika mipangilio ya awali, shuti la PES lilikuwa kwenye mraba na la FIFA kwenye duara. Ndiyo sababu kuandika neno "shuti" juu ya kitufe kwa rangi ya kudumu ni kujitafutia lawama.

Hata hivyo kijiti cha kushoto hakiwezi kuchukua nafasi ya vijiti viwili vya mwendo laini vya pedi, ambavyo gemu za mpira za miaka ya karibuni huvitumia kwa chenga. Kwa nyumba ambayo mpira ndio gemu kuu, paneli bora ni ile yenye kijiti na vitufe vichache kwa ajili ya gemu za zamani na za ngumi, pamoja na matundu mawili ya USB mbele ya kuchomekea pedi. Watengenezaji wengi huliona hilo kama kushindwa. Ni kutambua tu kwamba gemu iliyotungwa kwa pedi huchezwa kwa pedi.

Vitufe vya kuanzisha, kusitisha na kutoka huwekwa mbali na mkono unaocheza, juu ya paneli au ubavuni, na hutumika vile vidogo vya mm 24. Kitufe cha kutoka kikiwa karibu na cha shuti, siku ya fainali ya mtaa kitabonyezwa.

Miji ya dhahabu ina kishawishi cha pekee. Maduka ya vifaa vya umeme yanayohudumia makarasha, yaani mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu, na pampu za maji ya mashimoni, huuza vitufe imara vya viwandani, vyekundu na vya kijani, vinavyokaa katika tundu la mm 22. Ni vigumu kuharibika na vinaonekana kama vilitengenezwa kwa kabati la gemu. Lakini vimeundwa ili mwendeshaji avibonyeze mara chache kwa siku na kwa makusudi. Springi yake ni nzito na mwendo wake ni mrefu. Vingine hubaki ndani vikibonyezwa hadi vizungushwe, kama kile cha dharura chenye kichwa cha uyoga. Kimoja cha aina hiyo kinafaa kuzimia kabati zima. Kuchezea, havifai.

Mbao na vumbi

Vitufe vinavyoingia kwa kubana, kama vingi vya Kijapani, vimekusudiwa bamba jembamba la chuma au plastiki. Kwenye ubao wa mm 18 havishiki. Hapo hutumika vyenye shingo ndefu na nati, ambavyo tundu lake ni mm 28 kwa mtindo wa Kimarekani. Kijiti nacho kikifungwa chini ya ubao mnene huonekana kifupi juu, na mwendo wake hupungua. Seremala huchimba upande wa chini kwa patasi au ruta hadi zibaki milimita chache. Njia nyingine ni kufunga kijiti kwenye bamba la chuma la mm 2 na kulizungushia fremu ya mbao.

Plaiwudi nzuri hutosha kwa kazi hii. Mninga uliokauka vizuri ni bora zaidi kwa kuwa haupindi sana msimu wa mvua unapofika, ingawa ni ghali na sharti utoke kwa muuzaji mwenye kibali. Mbao za bei rahisi zilizotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi huvimba zikinywa maji au soda, na soda itamwagika.

Mbao zilizotoka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu hazifai kabisa kwa samani ya nyumbani, hata zikitolewa bure. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, na ubao uliolowa maji ya mwalo kwa miaka unaweza kuwa na zebaki na vumbi la mawe ndani ya nyufa zake. Kuupiga msasa sebuleni ni kuvipeleka vyote viwili kwenye mapafu ya familia, na paneli ni kitu ambacho watoto hukishika kisha hushika chakula.

Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, huingia kila penye upenyo. Swichi ndogo zilizofungwa ndani ya kasha lake hulivumilia kuliko swichi za zamani za vibamba viwili vilivyo wazi, ambazo zilisafishwa kwa kupitisha kipande cha karatasi kati ya ncha zake. Paneli hufungwa kwa bawaba upande wa juu na kufuli au skrubu mbili chini, ili ifunguke kama kifuniko cha sanduku. Iliyopigiliwa misumari haitasafishwa kamwe. Upande wa ndani huzungushiwa ukanda wa sponji, na matundu ya kupitisha hewa ya kabati huwekwa nyuma, mbali na vitufe.

Nyaya na umeme

Kila swichi ndogo huwa na ncha tatu: ya pamoja, ya kawaida wazi na ya kawaida iliyofunga. Zinazotumika ni ile ya pamoja na ile ya kawaida wazi. Nyaya za ncha za wazi huenda kila moja kivyake hadi kwenye kibao kidogo cha elektroniki kinachozigeuza kuwa ishara za kibodi au pedi kupitia USB. Vibao hivyo huuzwa tayari, kama I-PAC ya kampuni ya Ultimarc, au hutengenezwa kwa vidhibiti vidogo vya kawaida kama Arduino Leonardo na Raspberry Pi Pico.

Ncha za pamoja huunganishwa kwa waya mmoja unaoruka kutoka swichi hadi swichi. Waya huo ukikatika mahali pamoja, vitufe vyote vilivyo mbele ya mkato hufa kwa pamoja. Dawa yake ni kuurudisha mwisho wa waya kwenye kibao ili mnyororo uwe duara. Mkato mmoja basi hauleti madhara. Kanuni hiyo pia hurahisisha kutafuta hitilafu. Kitufe kimoja kikikataa, kosa liko kwenye swichi yake au waya wake. Vikikataa kadhaa vilivyofuatana, kosa liko kwenye waya wa pamoja.

Vibanda vya gemu havikosi pedi mbovu, na bodi ya ndani ya pedi iliyovunjika vijiti inaweza kuwa kibao cha bure. Nyaya huchomelewa kwa risasi kwenye sehemu za vitufe. Pedi ya kwanza ya PlayStation isiyo na vijiti ndiyo rahisi zaidi. Ile ya PlayStation 2 hutumia karatasi laini inayopima nguvu ya kidole, na kuchomelea hapo ni kazi ya fundi mwenye subira. Tena vijiti vyake vya mwendo laini vikiondolewa, sharti nafasi zake ziwekewe vipingamizi vya kuonyesha "katikati", vinginevyo mchezaji kwenye kioo hutembea mwenyewe kuelekea kona.

Ndani ya paneli panapaswa kupita volti 5 au chini ya hapo, basi. Waya wa volti 230 haupiti nyuma ya bamba ambalo watoto hulishika kwa mikono yenye jasho. Adapta, swichi kuu na fyuzi hukaa chini ya kabati, zikitenganishwa na paneli kwa ubao. Kama paneli ni ya chuma, huunganishwa na waya wa ethi wa nyumba, na ethi hiyo hupimwa na fundi umeme. Nyumba nyingi zina tundu la pini tatu ambalo pini ya tatu haijaunganishwa na kitu.

Mota ya karasha inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Kwa nyumba zilizo kwenye laini hiyohiyo taa hufifia, na kompyuta ya ndani ya kabati inaweza kujizima na kuwaka tena. Konsoli hupoteza mechi tu. Kompyuta ndogo inayotumia kadi ya kumbukumbu, kama Raspberry Pi, inaweza kupoteza kadi nzima ikikatiwa umeme wakati inaandika. Stabilaiza husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini ukikatika kabisa kinachosaidia ni betri: UPS ndogo ya kompyuta au mfumo wa sola wa nyumbani wenye kidhibiti. Kwenye paneli huongezwa kitufe kimoja kidogo cha kuiamuru kompyuta ijizime kwa utaratibu, na wanakaya hufundishwa kukibonyeza kabla ya kugusa swichi ya ukutani.

Tundu la sarafu

Makabati ya zamani yalikuwa na mlango wa sarafu chini ya paneli, na watengenezaji wengi wa nyumbani hupenda kuuweka kwa ajili ya sura. Kwa Shinyanga na Geita pambo hilo lina uzito. Mtoto anayeliona kabati lenye vitufe vinavyowaka na tundu la sarafu hulitambua kama dubwi, na jirani vivyo hivyo. Tofauti ya kweli iko katika malipo: gemu ya kawaida hutoa muda wa kucheza, mashine ya kamari hutoa au humeza fedha kwa bahati. Mashine za aina hiyo ya pili zinahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzicheza. Paneli yake nayo imesanifiwa kwa lengo tofauti: vitufe vichache vikubwa ambavyo havihitaji ustadi wowote, kwa kuwa ustadi hauna kazi pale.

Gemu za zamani, hata zikiendeshwa na MAME, hazianzi hadi zihesabu sarafu, isipokuwa zile zenye mpangilio wa kucheza bure. Kwa hiyo paneli ya nyumbani huwekewa kitufe cha mm 24 kando ya kile cha kuanzisha, nacho kikibonyezwa mara moja kompyuta huhesabu sarafu moja. Mlango wa sarafu hufunikwa kwa bamba, au sehemu yake hutumika kwa matundu ya USB ya kuchomekea pedi.